Nyumba Moja, Vyungu Viwili
Somo juu ya haki ya matunzo na ruzuku, mume na mke wanapotengana ndani ya nyumba moja

Ndugu mwanakisomo, soma somo hili polepole. Ukimaliza, jadiliana na wenzako darasani. Habari ya kwanza ni ya mfano tu. Majina yake si ya watu halisi. Lakini mambo yake hutokea katika vijiji vingi.

1. Habari ya Mama Rehema

Mama Rehema na Baba Rehema wameoana kwa miaka 12. Wana watoto watatu. Nyumba yao ina vyumba vitatu. Waliijenga wote wawili. Baba alifyatua matofali na kununua mabati. Mama alichota maji, alikanda udongo na kuwapikia mafundi. Aliuza karanga ili zipatikane fedha za misumari.

Siku hizi hawasemezani. Baada ya mavuno ya mwaka jana waligombana sana juu ya fedha za mahindi. Wazee waliwakalisha mara mbili. Hawakupatana. Tangu wakati huo Baba analala chumba cha mbele. Mama analala chumba cha nyuma pamoja na watoto. Baba anakula kwa dada yake, ng'ambo ya barabara. Mama anapika chungu chake, na watoto wanakula kwake.

Kwa nini Mama hakuondoka? Hana pa kwenda. Wazazi wake wamefariki. Shamba liko hapa. Shule ya watoto iko hapa. Kwa nini Baba hakuondoka? Anasema nyumba ni yake. Basi wanaishi nyumba moja, lakini kila mtu kivyake.

Zamani, walipokuwa wanapatana, kaya yao iliandikishwa kupata ruzuku ya TASAF. Siku ya kuandikishwa Mama alikuwa hospitali na mtoto mgonjwa. Kwa hiyo liliandikwa jina la Baba kuwa mpokeaji. Fedha zikija, Baba anazipokea. Mama haoni hata senti. Mtoto wa pili anakwenda shule na sare iliyochanika. Uji wa mtoto mdogo hauna sukari wala karanga.

Mama aliona haya kusema. Aliwaza moyoni: "Nikienda ofisini wataniuliza, mbona mnakaa nyumba moja? Wataniona mwongo."

Jirani yake alimwambia: "Mwenzangu, nyamaza tu. Mwanamke akitengana na mumewe hana haki tena. Na ukitoka humo ndani, ndiyo umepoteza kila kitu."

Je, jirani alisema kweli? Tuone.

2. Kutengana si talaka

Tanzania Bara inayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo inahusu ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kimila na za serikali.

Talaka huvunja ndoa. Kutengana hakuvunji ndoa. Watu waliotengana bado ni mume na mke. Hakuna kati yao anayeweza kusema, "Wewe si kitu kwangu tena."

Kutengana kuko kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni mume na mke kukubaliana wenyewe. Sheria inayatambua makubaliano hayo. Wanaweza kukubaliana juu ya matunzo, juu ya mali, na juu ya nani atakaa na watoto. Ni vizuri makubaliano hayo yaandikwe, na kila mmoja atie sahihi mbele ya mashahidi. Namna ya pili ni kuomba mahakama itoe amri ya kutengana.

Mama Rehema na mumewe hawakuandika kitu. Walinuniana tu, wakagawana vyumba. Hiyo ndiyo shida yao. Jambo lisiloandikwa kila mtu hulisimulia anavyotaka.

Tarehe nayo ni jambo kubwa. Kama mume na mke wametengana kwa hiari kwa miaka isiyopungua 3, mahakama inaweza kulichukua jambo hilo kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Kwa hiyo andika tarehe mliyotengana. Iandike leo, kabla hujaisahau.

3. Nyumba ni ya nani?

Baba Rehema anasema nyumba ni yake. Hata kama hati ina jina lake peke yake, bado ni nyumba ya ndoa. Sheria inasema hivi: wakati ndoa ingalipo, mmoja hawezi kuiuza nyumba ya ndoa, wala kuigawa, wala kuipangisha, wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Mwenzake anaweza hata kuweka zuio ili isiuzwe.

Je, Mama akitoka, amepoteza kila kitu? Hapana. Mahakama inapotoa amri ya kutengana au ya talaka, inaweza kugawa mali waliyoichuma pamoja. Katika kugawa, mahakama hutazama mchango wa kila mmoja. Mchango si fedha tu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema wazi kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Kupika, kulea watoto na kutunza nyumba ni kazi. Maji aliyochota Mama Rehema yamo ndani ya kuta zile.

Lakini asiyesema mchango wake hakuna atakayemsemea. Mama anapaswa kukumbuka alichofanya, na nani alimwona akifanya.

4. Matunzo

Matunzo ni chakula, mavazi na malazi. Sheria ya Ndoa inamtaka mume amtunze mke wake kwa kadiri ya uwezo wake. Mtu maskini hatatakiwa kutoa kama tajiri. Lakini kuwa maskini si sababu ya kutotoa chochote wakati unacho.

Sheria haimtazami mume peke yake. Kama mume ni mgonjwa au ana ulemavu, akashindwa kujitafutia, na mke ana uwezo, basi mke naye ana wajibu wa kumtunza.

Mume akikataa au akipuuza kumtunza mke wake, mke anaweza kuomba mahakama imwamuru alipe. Si lazima aombe talaka kwanza. Wala si lazima ahame nyumba kwanza. Kulala chini ya paa la mume si kutunzwa. Paa halishibishi.

Jambo moja lazima lieleweke. Mahakama ikitoa amri ya kutengana, wajibu wa kutunzana kati ya mume na mke hukoma, isipokuwa kama mahakama yenyewe imeamuru matunzo yaendelee. Kwa hiyo anayeomba amri ya kutengana aombe na matunzo papo hapo. Asisubiri.

Na watoto je? Haki yao haitegemei ugomvi wa wazazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Inasema pia kwamba wazazi wakitengana, mtoto ana haki ya kupata matunzo na elimu kama alivyokuwa akipata kabla hawajatengana. Baba anaweza kumkasirikia mama. Hawezi kulikasirikia tumbo la mtoto.

5. Ruzuku ni ya kaya

Sasa tuje kwenye ruzuku. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ulianzishwa mwaka 2000. Baadaye ulianza mpango wa kunusuru kaya maskini kwa kuzipa ruzuku. Kipindi cha pili cha mpango huo kilizinduliwa mwezi Februari 2020. Mipango ya namna hii ina mwanzo na mwisho. Kwa hiyo uliza kwanza ofisi ya kijiji kama ruzuku ipo kijijini kwako, na kwa masharti gani.

Ziko fedha zinazotolewa kwa mtu, na ziko zinazotolewa kwa kaya. Kwa mfano, Zanzibar ilianzisha pensheni ya wazee mwaka 2016, kwa watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Hiyo ni ya mzee mwenyewe. Akipatana na mwenzake au akigombana naye, pensheni ni yake.

Ruzuku ya kunusuru kaya si hivyo. Hiyo ni ya kaya nzima. Sehemu yake imekusudiwa watoto, ili waende kliniki na shule. Mpokeaji ni mtu aliyetumwa na kaya. Si mwenye fedha. Akizinywea pombe, anakunywa uji wa watoto.

Kaya ni nini? Kaya si paa. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Katika nyumba moja kubwa zinaweza kukaa kaya mbili. Ndugu wawili walioachiwa nyumba na baba yao, kila mmoja na mke wake na chungu chake, ni kaya mbili. Basi mume na mke waliotengana kweli nao wanaweza kuwa hivyo. Lakini ni vigumu zaidi kwa watu wa nje kuamini, kwa sababu wanawaona wakipita mlango mmoja. Ndiyo maana inabidi kueleza, na kuleta ushahidi.

6. Mbele ya kamati

Mama Rehema alimweleza mwalimu wake wa kisomo. Mwalimu alimshauri aende kwenye kamati ya kijiji inayosimamia ruzuku. Mama alikwenda. Alichukua daftari lake la kisomo.

Mama: Shikamoo, Mzee Mwenyekiti.

Mwenyekiti: Marahaba, Mama Rehema. Karibu ukae. Eleza shida yako.

Mama: Mimi na Baba Rehema tumetengana. Ruzuku anapokea yeye. Watoto wanakula kwangu.

Mwenyekiti: Mbona jana nimewaona wote wawili uani kwenu?

Mama: Kweli, Mzee. Nyumba ni moja. Vyungu ni viwili.

Mjumbe: Mnalala wapi?

Mama: Yeye chumba cha mbele, mimi chumba cha nyuma na watoto.

Mjumbe: Tangu lini?

Mama (akifungua daftari): Tangu tarehe 14 Agosti mwaka jana. Niliandika.

Mjumbe: Nani ananunua daftari na sare za watoto?

Mama: Mimi. Navyo nimeviandika. Na mwezi wa Januari yeye alileta debe moja la mahindi. Hilo pia nimeliandika. Sitaki kumsingizia.

Mwenyekiti: Nani anaweza kuthibitisha haya?

Mama: Wifi yangu, maana mumewe wangu anakula kwake. Na mwenyekiti wa kitongoji, maana alikuwapo wazee walipotukalisha.

Mwenyekiti alitazama lile daftari. Kisha alisema: "Mama, hatuwezi kuamua kwa kusikia upande mmoja. Tutamwita Baba Rehema. Tutawauliza mashahidi. Kisha tutapeleka taarifa kwa wasimamizi wa halmashauri. Wewe tuletee barua. Maneno ya mdomo husahaulika."

Mama Rehema hakupewa fedha siku ile. Lakini alitoka ofisini akiwa amesikilizwa.

7. Barua ya Mama Rehema

Barua kama hii unaweza kuiandika wewe mwenyewe. Jaza mahali palipo na nukta.

Kitongoji cha ..........
Kijiji cha ..........
Tarehe ..........

Afisa Mtendaji wa Kijiji,
Kijiji cha ..........

Ndugu,

Yah: Taarifa ya mabadiliko katika kaya

Mimi naitwa .......... Kaya yetu imeandikishwa kupata ruzuku kwa jina la mume wangu, ..........

Mimi na mume wangu tumetengana tangu tarehe .......... Bado tunaishi nyumba moja kwa sababu .......... Hatuli pamoja. Kila mmoja ana matumizi yake. Watoto watatu wanaishi na kula kwangu.

Naomba taarifa za kaya yetu ziangaliwe upya, ili ruzuku iliyokusudiwa watoto iwafikie watoto.

Mashahidi wangu ni:
1. ..........
2. ..........

Wako katika ujenzi wa taifa,
(Sahihi) ..........

Andika nakala mbili. Moja mpe Mtendaji. Ya pili mwombe aigonge mhuri na kuandika tarehe aliyoipokea. Hiyo itunze.

8. Mahali pa kwenda

Ukiwa na shida ya ruzuku, anza kijijini kwa kamati na Afisa Mtendaji. Usiporidhika, peleka malalamiko yako halmashauri.

Ukiwa na shida ya matunzo ya watoto, mwone Afisa Ustawi wa Jamii. Unaweza pia kwenda Mahakama ya Mwanzo.

Ukiwa na ugomvi wa ndoa, nenda kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Sheria inataka kila kata iwe na baraza. Baadhi ya jumuiya za dini nazo zina mabaraza yanayotambuliwa. Kazi ya baraza ni kusuluhisha. Likishindwa, hutoa hati ya kueleza hivyo. Bila hati hiyo mahakama haipokei ombi la talaka, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria.

Huna fedha za wakili? Uliza kama kuna msaidizi wa kisheria karibu nawe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi hao, na msaada wao hutolewa bure.

Ukipigwa au ukitishiwa, usingoje kikao. Sheria ya Ndoa haimpi mume wala mke ruhusa ya kumpiga mwenzake. Toka mahali pa hatari pamoja na watoto. Nenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Haki yako juu ya mali haipotei kwa kuokoa maisha yako.

9. Usidanganye

Wako watu wengine wanaojifanya wametengana. Mchana wananuniana mbele ya kamati. Usiku wanakula sinia moja. Wanataka kaya moja iandikwe kaya mbili. Huo ni wizi. Fedha wanazochukua ni za mjane wa jirani aliyeachwa nje ya orodha. Tena wanawaharibia wale waliotengana kweli, maana kamati ikidanganywa mara moja, haitaamini mara ya pili.

Wako wengine wanaoficha kwamba wametengana kwa sababu ya aibu. Nao wanakosea. Aibu haimvishi mtoto sare.

Na kama mnapatana tena, sema pia. Mume na mke wakirudiana ni furaha kwa kijiji kizima. Mtendaji naye aambiwe, ili orodha iwe ya kweli.

Basi, jirani wa Mama Rehema alikosea. Kutengana hakuondoi haki. Kukaa nyumba moja hakuondoi haki. Haki huponyoka mtu anaponyamaza, anapodanganya, au anapokosa kuandika. Mama Rehema alijifunza kuandika akiwa na miaka 31. Tarehe ile moja ndani ya daftari ndiyo iliyomsaidia kujibu alipoulizwa, "Tangu lini?"

Mambo ya kukumbuka

1. Kutengana si talaka. Ndoa bado ipo.
2. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzako.
3. Kazi za nyumbani ni mchango katika mali.
4. Matunzo ya watoto hayakomi wazazi wanapotengana.
5. Ruzuku ya kaya ni ya kaya, si ya mpokeaji.
6. Andika tarehe, matumizi na majina ya mashahidi.
7. Sema kweli, hata ile inayomfaa mwenzako.

Maneno ya kujifunza

kaya: watu wanaoishi pamoja na kula pamoja
matunzo: chakula, mavazi na malazi ambayo mtu hupaswa kumpatia mwingine
mchango: kile mtu alichotoa au alichofanya ili kitu kipatikane
nakala: maandishi yanayofanana na yale ya kwanza
ridhaa: kukubali kwa hiari
ruzuku: fedha za msaada zinazotolewa na serikali
usuluhishi: kazi ya kupatanisha watu waliogombana
zuio: amri au taarifa ya kuzuia jambo lisifanyike

Maswali

1. Kwa nini Mama Rehema hakuhama nyumba?
2. Kuna tofauti gani kati ya kutengana na talaka?
3. Taja kazi tatu alizofanya Mama Rehema wakati wa kujenga nyumba. Je, ni mchango?
4. Kwa nini Mama aliieleza kamati habari ya debe la mahindi?
5. Kwa nini barua iandikwe nakala mbili?

Ya kujadiliana darasani

Kama ninyi mngekuwa wajumbe wa kamati, mngemwuliza Baba Rehema maswali gani? Wawili wawe Baba na Mama Rehema. Watano wawe kamati. Wengine wasikilize, kisha waseme kama kamati imetenda haki kwa pande zote mbili.

Zoezi la kuandika

Andika katika daftari lako vitu vitano mlivyopata pamoja nyumbani kwenu. Mbele ya kila kimoja andika ni nani alifanya nini ili kipatikane. Fanyeni zoezi hili mume na mke pamoja, siku ya amani.